Mtoto Aliyelilia Mai

Zamani ilikuwako? Semeni, “Ilikuwako!” Na watu walikuwamo? Semeni, “Walikuwamo!” Basi songeni hapa, wajukuu wangu, na atakayesinzia amwegemee mwenziwe.

Zamani hizo, babu wa babu yangu hajaota ndevu, palikuwa na mji huku kaskazini ya pwani ukiitwa Chundwani. Hapo aliishi mjane mmoja, Mwanatumu binti Shee, muoka mikate ya mofa. Mume alikuwa amekufa, na mtoto hakujaliwa. Akiamka, anaoka. Akimaliza kuoka, anauza. Akimaliza kuuza, anafunga mlango wake, analala. Kesho tena, vivyo hivyo.

Na enzi hizo, wanangu, binadamu alikuwa akiuzwa. Naam, kama mbuzi. Msinikodolee macho, ndivyo ilivyokuwa. Siku moja chombo kilishusha watu waliotekwa mbali sana, kusini huko, kwenye ziwa la Nyasa. Wenye nguvu wakachukuliwa kwenda mashambani. Mtoto mmoja wa kike, mdogo hivi, alikuwa na homa kali. Wale wenye chombo wakamtazama, wakasema huyu hafiki jioni, wakamwacha palepale mchangani.

Mwanatumu alikuwa akipita na kapu lake. Akamwona. Akatua kapu, akamwinua, akamfunga mgongoni kwa leso. Mikate ile aliisahau, ikaliwa na kunguru.

Alimkanda, akamnywesha uji, akamfunika. Homa ikashuka. Mtoto akafumbua macho, akaangaza huku na huku, kisha akasema neno moja tu.

“Mai!”

Nyinyi siku hizi mwasema maji. Sisi wa zamani wa huku twasema mai. Basi Mwanatumu akafurahi! “Alhamdulillahi, kumbe anajua lugha yetu!” Akakimbilia mtungi, akachota kata ya maji, akamletea.

Mtoto akanywa kidogo, akaisukuma kata.

“Mai!”

Akaletewa mengine. Akasukuma.

“Mai! Mai!”

Akaletewa ya kisimani, yaliyo baridi. Akayamwaga, akalia. Analia, analetewa maji. Analetewa maji, analia. Sakafu yote ikarowa.

Jirani yao alikuwa mtu mmoja wa bara, Mkikuyu, jina lake Njuguna. Alikuja pwani na msafara wa pembe, akaoa, akabaki. Akasikia kilio, akachungulia mlangoni.

“Mama Mwanatumu, mbona mwamtesa mtoto? Hamsikii anavyosema?”

“Nasikia! Anataka maji, na nikimpa hataki!”

“Maji gani? Kwetu hilo neno... aah, ni neno la uani. Mtoto anataka kwenda haja kubwa!”

Msicheke. Haya, chekeni, lakini kidogo. Njuguna akambeba mtoto mbiombio hadi nyuma ya ua, akamchutamisha, akageuka upande ili asimwonee haya. Akangoja. Akangoja weee. Alipogeuka, mtoto alikuwa amekaa chini vumbini, machozi yanamchuruzika, anasema polepole sasa, kama mtu aliyekata tamaa, “Mai... mai...”

Njuguna akamrudisha. “Dada,” akasema, “mimi nimeshindwa.”

Siku zikapita. Mtoto akapata nguvu, akawa akimfuata Mwanatumu kila aendapo, ameshika pindo la leso yake. Mwanatumu alipokaa kuoka, mtoto alikuja akamlalia mapajani. Na Mwanatumu, ambaye hakuwahi kulaliwa mapajani na mtoto wake, alikuwa hainuki hata mkate ukiungua. Alikuwa tayari amemchagulia jina moyoni.

Asubuhi moja akaja mama mmoja wa mji, Mwanajabu, kununua mkate, na kichanga chake kifuani kikinyonya. Mtoto akaacha alichokuwa akichezea. Akasogea. Akakitazama kichanga, akamtazama Mwanajabu usoni. Kisha akamgusa kifuani kwa kidole na kusema, “Mai.” Akageuka, akanyoosha mkono njia ya mashambani, walikopelekwa wale watu. “Mai wanga.”

Mwanatumu akaketi chini.

“Mwanajabu,” akasema, “mtoto huyu hajawahi kuniomba maji. Anamtaka mamake.”

“Maskini! Na sasa utafanyaje?”

Mwanatumu alimtazama mtoto. Angeweza kunyamaza, wanangu. Nani angemuuliza? Mtoto angekua, angesahau, angemwita yeye mama. Alilia kidogo, akajifuta. Akaufukia moto, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka.

Akaenda shamba kwa shamba. Akifika anaita, “Mai! Yuko wapi mai wa mtoto huyu?” Na watu wema wa shamba wanamjia mbio na vibuyu vya maji! Anawashukuru, anakunywa kidogo kwa adabu, anakwenda mbele. Shamba jingine, anaita, wanamletea maji. Mpaka tumbo likawa linacheza ngoma.

Mwisho akafika kwenye shamba la mtama la Bwana Fumo Bakari, mtu mkali, mtama umeiva, wafanyakazi wametawanyika wakifukuza ndege kwa makelele. Safari hii Mwanatumu hakuita yeye. Sauti yake ilikuwa imekauka. Aliyeita ni mtoto.

“Mai!”

Katikati ya mtama mwanamke mmoja aliacha kupiga kelele. Akasimama kama aliyechomwa. “Ndaziona?” akaita, na hilo ndilo jina la mtoto. Akaja mbio, mtama unalala kulia, unalala kushoto. “Ndaziona! Mwana wanga!” Akaanguka magotini mbele yao. Mwanatumu akafungua leso, akamkabidhi.

Sitawaeleza kilio kile. Kila mtu ana mamake, anajua.

Bwana Fumo akaja na bakora. “Nabanda! Rudi kazini! Na wewe muuza mikate, ondoka na huyo mtoto wako!”

“Mtoto si wangu,” Mwanatumu akasema. “Ni wa huyu. Na mimi sitawatenganisha tena.”

“Basi mama abaki, mtoto aende!”

Nabanda hakuelewa maneno, lakini alielewa bakora. Akamkumbatia mwanawe, akakaa chini. Ndipo mzee mmoja mfanyakazi akatupa fimbo yake, naye akakaa. Na wa pili. Na wa tatu. Watu wa makabila mbalimbali, lugha hazisikilizani, wote wakakaa kimya. Hakuna kelele, hakuna wa kufukuza. Na ndege, wanangu, ndege si wanaona? Wakashuka. Kwanza wachache, halafu kundi, halafu wingu zima, kwekwekwe juu ya mtama.

“Inukeni!” Hakuna aliyeinuka. “Inukeni, naangamia!”

“Haya, mchukue!” akapiga kelele Bwana Fumo. “Mchukue na mwanawe, wote, nendeni! Nimemwacha huru, mashahidi ninyi!”

Wakaondoka watatu. Nabanda akajifunza kuoka mofa, na Ndaziona akakulia katika nyumba yenye wanawake wawili wanaogombania kumsuka nywele.

Kwa hiyo wajukuu zangu, mtu akikulilia kwa neno unalolijua, usiwe na haraka kudhani umemwelewa. Mtazame macho yake, na mkono wake unakoelekea. Na ukishaelewa, fanya, hata kama moyo wako wataka jingine.

Kisa changu nimekitua hapa. Alichosikia sikio, moyo ukitunze. Haya, kanaweni miguu mkalale.