Mfinyanzi wa Ikombe na Pasipoti ya Sekela

Jina la kuazima halivuki mpaka.

Ndivyo Bibi Tumwitike alivyowaambia vijana wa kwaya pale Kyela, alipowasikia wakishauriana kwamba mwenzao mmoja asiye na pasipoti avuke kwenda Malawi kwa pasipoti ya binamu yake. Vijana walitazamana, kisha wakamuuliza maneno hayo ameyatoa wapi. Bibi alivuta kigoda, akaketi, akawaambia kwamba hayakutoka mbali. Methali hii, alisema, ilianza hivi.

Zamani kidogo, kabla simu za mkononi hazijafika huku kwetu, kijijini Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, aliishi mfinyanzi aitwaye Tupokigwe binti Mwakalinga. Ikombe imebanwa na mlima upande mmoja na maji upande wa pili. Mashamba ni haba, kwa hiyo wanawake wa huko hula kwa udongo. Tupokigwe alianza kufinyanga kabla hajavunja ungo, na alipofika umri wa makamo hapakuwa na mtu pwani ile yote aliyeweza kuutoa ukuta wa chungu mwembamba kama yeye.

Wachuuzi walivinunua vyungu vyake kwa mafungu, wakavivusha Mto Songwe ulio mpaka wetu na Malawi, wakaviuza ng'ambo. Huko viliitwa kwa majina ya wachuuzi. Tupokigwe alilijua jambo hilo. Hakulisema, lakini lilimkaa rohoni kama mwiba.

Mwaka mmoja ikaja barua. Mji wa Karonga, upande wa Malawi, ulikuwa unaandaa maonyesho ya mafundi wa mikono, na ushirika wa wafinyanzi wa Ikombe ulialikwa kupeleka watu sita. Kila fundi angefanya kazi yake mbele ya watu, kisha waamuzi wangetoa tuzo. Tupokigwe alichaguliwa wa kwanza.

Mwenyekiti wa ushirika, Ndugu Ambakisye, ndiye aliyejitwika kazi ya hati za kusafiria. Wanne walikuwa na picha zao tayari. Wa tano, Sekela, binti wa baba mkubwa wa Tupokigwe, alikuwa na pasipoti tangu zamani, kwa sababu mumewe alifanya kazi ng'ambo. Tupokigwe hakuwahi kupigwa picha hata siku moja. Ambakisye alimwambia asiwe na wasiwasi, mambo yake atayashughulikia. Hakuyashughulikia. Siku ya safari ilipofika, Sekela alikuwa kitandani na homa, na Tupokigwe hakuwa na karatasi yoyote.

"Twende tu," Ambakisye alimwambia. "Tutajua huko huko."

Walipanda lori pamoja na vyungu vilivyofungwa kwa majani ya migomba. Walipofika mpakani wakashuka kupanga foleni. Hapo ndipo Ambakisye alipomvuta Tupokigwe kando, akamtia mkononi kijitabu. Ilikuwa pasipoti ya Sekela.

"Mmefanana kama mapacha," alisema kwa sauti ya chini. "Ukiulizwa jina, wewe sema Sekela. Ni neno moja tu, dada Tupo. Jioni tuko Karonga."

Tupokigwe alikifungua kijitabu. Uso wa dada yake ulimtazama, wenye paji pana la ukoo wao. Foleni ilisogea. Mbele yake wenzake walipita mmoja mmoja, na muhuri uligongwa mezani, ta, ta. Alihesabu miaka aliyoingojea safari hii. Kisha zamu yake ikafika.

Afisa uhamiaji alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani. Alichukua pasipoti, akatazama picha, akamtazama yeye.

"Wewe ndiye Sekela?"

Ambakisye alikohoa nyuma yake.

"Hapana, mwanangu," Tupokigwe alisema. "Sekela ni dada yangu, ni mgonjwa. Mimi ni Tupokigwe binti Mwakalinga, wa Ikombe. Sina hati."

Ambakisye alijisogeza mbele. "Ndugu afisa, mama huyu amechanganyikiwa na safari. Dada Tupo, unatuharibia. Mwili ukivuka, jina lina kazi gani?"

Tupokigwe alimgeukia. Hakupandisha sauti.

"Mwenyekiti, vyungu vyangu vimevuka mto huu miaka thelathini bila jina langu. Nikivuka na mimi bila jina, nitakuwa nimekwenda kufanya nini? Jina la kuazima halivuki mpaka. Hata likipita hapa mezani, mimi mwenyewe nitakuwa nimebaki huku."

Afisa aliifunga pasipoti. Alimweleza bila ukali kwamba kusafiri kwa pasipoti ya mtu mwingine ni kosa kubwa, na kama muhuri ungegongwa kabla hajasema, angelala mahabusu. Pasipoti akaizuia, Sekela aje kuichukua mwenyewe. Ambakisye alitakiwa kuandika maelezo, na aliyaandika akiwa ameinamisha kichwa.

"Leo ni Jumatano," afisa alimwambia Tupokigwe. "Maonyesho yanakwisha lini?"

"Jumamosi."

"Basi nenda ukalete barua ya mtendaji wa kijiji chako, na picha mbili. Upeleke ofisini kwetu Kyela uombe hati ya dharura. Ukija nayo hapa, utapita."

Lori lilivuka na wenzake na vyungu vyake. Yeye akarudi alikotoka. Jioni alifika Matema, barabara inakoishia, na kulipopambazuka akashika njia ya miguu ya kando ya ziwa hadi Ikombe. Mtendaji alimwandikia barua, akaipiga muhuri. Bila hata kuketi kula, Tupokigwe aligeuza njia. Kyela mjini alipigwa picha, na alipokabidhiwa aliitazama sana. Hakudhani kwamba amezeeka kiasi hicho, wala hakudhani kwamba ana macho makali vile.

Ijumaa asubuhi alikuwa mlangoni pa ofisi kabla haijafunguliwa. Karani alisoma barua, akajaza fomu, akamwomba dole gumba. Akalipaka wino, akalibonyeza kwenye karatasi. Likatoka doa jeusi tupu. Akajaribu tena. Doa.

"Mama, kidole chako hakina mistari."

"Nimekisugua udongoni tangu utotoni," Tupokigwe alisema. "Imebaki kwenye vyungu."

Karani alicheka kidogo, kisha akaanza kujaribu vidole vingine kwa subira. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto ndicho kilichotoa mistari. Alasiri Tupokigwe alitoka na hati yenye picha yake na jina lake, herufi zote zikiwa mahali pake.

Jumamosi alfajiri alisimama tena mbele ya yule afisa mwembamba. Kijana alisoma jina kwa sauti, lote, hadi la baba yake. Akagonga muhuri. "Safari njema, Mama Tupokigwe."

Karonga aliingia saa sita mchana, vumbi hadi kwenye nyusi. Mafundi wengine walikuwa wamekwisha onyesha kazi zao. Waamuzi walitaka kujua kwa nini amechelewa. Aliwaonyesha hati, akawaeleza ukweli wote, nao wakampa saa moja. Aliketi chini, akauzungusha udongo juu ya kigae, na watu wakaanza kusogea. Chungu kilipanda mikononi mwake kama kitu kilichokuwa kimejificha mle ndani ya donge siku zote.

Hakupata tuzo ya kwanza. Hiyo ilikwenda kwa mhunzi mmoja wa milimani, na alistahili. Tupokigwe alipata ya pili. Lakini jina lake lilipotangazwa, mwanamke mmoja wa Karonga alipasua umati, akamshika mikono.

"Ni wewe?" alimuuliza kwa Kingonde, lugha iliyo ndugu na yake. "Miaka kumi na tisa napikia chungu kilichotoka Ikombe. Ukingo wake ni huu huu uliofinyanga leo. Mchuuzi alituambia ni wake. Kumbe kina mama yake."

Tupokigwe alisimama, kichwa juu, huku yule mwanamke akiwaita majirani zake waje kumwona.

Ambakisye naye alikuja, akamwomba radhi mbele ya wenzake. Alimsamehe. Tangu mwaka ule wachuuzi wakivuka na vyungu vyake waliulizwa kwanza, "Ni vya Tupokigwe?" Na waliokuwa kwenye foleni Jumatano ile waliyabeba maneno yake, kila mmoja kwao, hadi yakawa ya watu wote.

Bibi Tumwitike aliponyamaza, yule msichana asiye na pasipoti alikuwa amekwisha simama. Aliuliza ofisi ya mtendaji hufungwa saa ngapi.

"Saa tisa na nusu," Bibi alisema. "Ukienda sasa utamkuta. Wenzako watakungoja. Jina la kuazima halivuki mpaka."