Ufunguo wa Chumba cha Mbele

Sogeeni, sogeeni. Ila aliyekula sasa hivi na akae karibu na mlango, maana hadithi hii inanuka, na mimi sina namna ya kuisimulia ikanukia marashi.

Huko Ujiji palikuwa na mjane, jina lake Bi Tausi. Alikuwa na nyumba ya matofali mabichi yenye paa la bati, na alikuwa na kinyaa kilichojulikana mtaa mzima. Unywele mmoja ukionekana kwenye wali, sufuria zima lilikwenda kwa kuku. Nyumbani mwake waliishi naye watu wazima watatu, na kila mmoja Mungu alimpa chake. Sikudhani, bintiye aliyerudi kutoka kwenye ndoa na watoto wake, alipewa pua: alinusa maziwa ya jirani akajua yatachacha kesho. Mrisho, mwanawe wa kiume, alipewa masikio: akigonga tikiti sokoni alikwambia kama limeiva, na wauza matikiti walimchukia kwa hilo. Wa tatu ni Mwajabu, mkwewe, aliyeolewa na mtoto wa kwanza wa Bi Tausi, mume akafariki kabla hawajajaliwa mtoto. Huyu alipewa tumbo lisilochafuka. Mtoto akitapika, aliitwa Mwajabu. Panya akifia uvunguni, aliitwa Mwajabu.

Basi, darini mwa nyumba ile walikaa popo. Mavi yao yalikuwa yamejaa juu ya mbao tangu enzi za marehemu mume. Bi Tausi akachoka. Kabla ya Idi akaita fundi aitengeneze nyumba: plasta, rangi, na dari jipya la jipsamu, jeupe pe.

Fundi akapanda, akachungulia, akashuka. "Mama, popo wamelala humo. Tungoje magharibi watoke, ndipo tuzibe matundu. Halafu mbao hizi kuukuu tuzishushe na uchafu wake wote."

"Uchafu ule upite sebuleni kwangu? Hapiti mtu nao! Pigilia dari jipya chini ya hilo la zamani. Na matundu ziba sasa hivi."

"Watafia ndani, mama."

"Na wafe. Kwani mimi nataka nini?"

Fundi akaziba. Ni kweli wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema uzibe na wenyewe wakiwa ndani.

Idi ikafika, nyumba inang'aa. Wageni wakaketi ukumbini, pilau ikaletwa. Juu yao, kwenye lile dari jeupe, doa la hudhurungi, rangi ya chai ya mkandaa, likaanza kutanuka. Mara kikadondoka kitu kwenye sahani ya shangazi yao. Kilikuwa funza, mnene, mweupe, anajinyonganyonga juu ya pilau. Mbaya zaidi, mwanzoni shangazi alimdhania ni punje ya mchele, na tonge lilikuwa limeshafika mdomoni. Wakadondoka wengine. Wageni waliondoka bila kuaga, mmoja akatapikia barazani, na Bi Tausi akaegemea ukuta wake mpya akalia kwa aibu na kichefuchefu.

"Atakayeniokolea nyumba hii," akasema, "nampa ufunguo wa chumba cha mbele. Mungu ni shahidi."

Chumba hicho kilikuwa cha marehemu mumewe, kina mlango wake unaofungukia barazani. Kila mmoja alikuwa akikimezea mate. Sikudhani alilala jikoni na wanawe. Mrisho alikuwa na mchumba na hana pa kumweka. Mwajabu alilala stoo ya uani, baina ya magunia ya mkaa.

Wa kwanza akawa Sikudhani. Majirani, wasiojua habari ya popo, walisema ni choo kimejaa, wengine wakasema ni panya. Yeye akakunja sketi akatambaa chumba hadi chumba, ananusa kona kwa kona ajue popo wameozea wapi zaidi. Kwa pua kama ile, uvundo ule ulikuwa kipigo. Alitapika akabaki kutapika nyongo, machozi yakimtoka, na bado akarudi. Mwishowe akasimama kwenye kitanda cha mama yake. "Uozo mwingi uko hapa juu. Na chini ya harufu ya mizoga nasikia harufu ya mti uliolowa. Mama, humu hulali." Wakahamisha kitanda. Alasiri ile ile kipande cha dari kikaporomoka mahali pale pale, na uji mweusi ukamwagika sakafuni, una mbawa ndani yake.

Wa pili akawa Mrisho. Watu walitaka kupanda papo hapo na makoleo. "Asipande mtu!" akawapigia kelele. Akachukua nyundo, akageuza mpini, akasimama juu ya meza pale dari lilipoporomoka, akaanza kugonga boriti moja moja huku ameziba mdomo na fulana. Ile kubwa inayobeba paa ikamjibu kama debe tupu. Mchwa walikuwa wamekula kiini, wamebakiza ganda, na mkojo wa popo ulikuwa umelilainisha hilo ganda. Mrisho akaleta nguzo za mkaratusi, akaziegemeza, anagonga na kusikiliza, anagonga na kusikiliza, ule uji ukimchirizikia shingoni na kuingia ndani ya shati. Alipokuwa akikaza nguzo ya mwisho, boriti ikalia kaa! ikakaa juu ya nguzo. Paa likabaki juu.

Wa tatu, mnamjua. Mwajabu akafunga khanga puani akapanda na ndoo. Waliokuwa chini walisikia koleo linakwangua, kisha koleo likanyamaza, maana pale kati ya boriti halikuingia. Akatumia vidole. Mizoga ilikuwa imegandana. Aliibandua mmoja mmoja, ngozi inabaki mkononi. Ndoo zilishuka, majirani wakakimbia, ndoo zikashuka tena. Akakuta popo wachache bado wana uhai. Akatoboa tundu, akangoja magharibi wakatoka, ndipo akaziba. Akasugua kila mti kwa chokaa, akapaka oili chafu mchwa wasirudi. Nyumba ikapona.

Akaoga kwa sabuni na ndimu, akabadili nguo, akaingia jikoni. Mwajabu ndiye aliyekuwa mpishi siku zote. Akaleta sinia la ugali na samaki wa migebuka, akaliweka katikati. Bi Tausi alikuwa ameketi na ufunguo mapajani.

"Mama, usisahau," akasema Sikudhani. "Nisingenusa mimi, dari lingekuangukia usingizini."

"Na nisingesikia mimi," akasema Mrisho, "paa lingemfukia shemeji na ndoo yake. Tungekuwa tunasoma hitima sasa."

"Nami nakitaka chumba, mama," akasema Mwajabu. "Kunusa hakujatoa mzoga hata mmoja. Na stoo nimeichoka."

"Wifi," Sikudhani akauliza polepole, akitazama sinia, "ugali huu umeusonga wewe?"

"Nani mwingine?"

Sikudhani akarudisha mkono. Mrisho akasema ameshiba, naye tangu asubuhi hajatia kitu kinywani. Bi Tausi akamega tonge, akalifikisha karibu na mdomo. Akaviona mawazoni vile vidole vikibandua ngozi. Akalirudisha tonge siniani.

Hapo akaona kinyaa ambacho hakuwahi kukiona maishani, kinyaa cha nafsi yake mwenyewe. Popo ni yeye aliyeamuru wafungiwe, na mikono iliyomsafishia uchafu wake ndiyo anayoionea kinyaa! Akajichukia. Lakini mkono haukurudi siniani.

Mwajabu alikuwa anamtazama.

"Kuleni, mama," akasema. "Nimenawa."

Haya, wenzangu. Bila pua, mama angekufa. Bila masikio, Mwajabu angekufa. Bila mikono, nyumba ingeachiwa mizoga. Bi Tausi ameapa, ufunguo ni mmoja, na wote watatu wanamtazama. Akimpa mwanawe, ametenda haki au amefuata damu? Akimpa mkwewe, amemlipa kazi yake au amejilipia aibu yake? Nawe, ungempa nani?

Na usijibu kwa haraka. Sinia bado lipo pale katikati, ugali unapoa. Kwanza niambie: wewe ungemega?