Gari la Dirishani, Mpira wa Mlangoni

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Asiyeamini na ajaribu: amkamate chawa, amweke juu ya kidole gumba, kisha asubiri afe kwa aibu. Chawa atajinyoosha, atapanda mkono, atarudi kichwani kuendelea na maisha yake. Ili avunjike ni lazima kucha mbili zikutane, na hakuna sheria inayotaka kucha hizo zipendane. Maana yake ni kwamba yapo mambo ambayo kundi moja, hata likiwa na nguvu za simba na sauti ya radi, haliwezi kuyamaliza bila ya mwenzake. Jambo hilo analijua hata mtoto anayejikuna, lakini liliwahi kulishinda baraza zima la mji, pamoja na suti zake na viti vyake vya kuzunguka.

Baraza hilo lilikuwa na vyama viwili. Kimoja kilikaa upande wa dirishani, kingine upande wa mlangoni, hata watu wakasahau majina ya vyama vyenyewe wakasema tu Dirishani na Mlangoni. Kiongozi wa Dirishani aliitwa Bwana Pazia, mtu mrefu mwenye kikohozi cha kujitakia, asiyeanza hotuba kabla ya kukohoa kama injini baridi. Kiongozi wa Mlangoni aliitwa Bibi Komeo, kwani akishasema hapana, hapakuwa na ufunguo wa kuifungua. Katikati yao alikaa mwenyekiti, mzee mpole aliyelala fofofo kiasi kwamba buibui alitanda utando kutoka sikioni mwake hadi mgongoni mwa kiti. Hakuna aliyeuondoa. Fedha za kuondoa utando zilikuwa hazijapitishwa.

Zamani kidogo, Dirishani walipokuwa wengi, walinunua gari la zimamoto. Lilikuwa jekundu kama pilipili, na tangi lake lingeweza kunywesha ng'ombe wa nchi nzima. Uchaguzi ukageuka, Mlangoni wakawa wengi, nao wakanunua mipira ya kurushia maji, mipya, inayonukia harufu ya dukani. Wangeweza kumtuma mtu akapime mdomo wa gari, pale mpira unapofungwa, kabla ya kuagiza. Hawakumtuma. Bibi Komeo alisema kwenda kuupima mdomo wa gari la Dirishani ni sawa na kulisifu. Mipira ilipofika, mdomo wa gari ulikuwa mpana na wa mpira ulikuwa mwembamba, vikabaki kutazamana kama wakwe waliogombana msibani. Uchaguzi uliofuata uliwapa viti sawa kwa sawa, na tangu siku hiyo hakikupita kitu barazani isipokuwa chai.

Mkuu wa zimamoto watu walimwita Debe, kwa sababu aliendelea kuzima moto kwa madebe huku gari lake likimeremeta uani. Dada yake, Mama Sindano, alikuwa fundi cherehani sokoni. Duka lake la mbao lilibanwa na duka la magodoro upande huu na karakana ya seremala upande ule. Msimu huo sare za shule za watoto wa mji mzima zilikuwa zimening'inia ukutani mwake, zimepigwa pasi, zikisubiri shule zifunguliwe.

"Kaka, kushoto kwangu magodoro, kulia kwangu maranda," alimwambia Debe alipopita kunywa chai. "Moto ukija, mimi ndiyo kuni. Gari unalo, mpira unao. Unasubiri nini?"

"Kiungio, dada. Kipande cha shaba, huku kipana, huku chembamba. Basi."

"Kikubwa kiasi gani?"

Debe akainua kikombe chake cha chai. "Hivi."

"Hicho nitakichangisha mimi hapahapa sokoni kabla chai yako haijapoa."

"Karani wa baraza amekataa. Anasema mali ya umma haifungwi chuma cha mtu binafsi. Mpaka kipite kwenye bajeti."

Siku ya bajeti Mama Sindano alifunga duka, akaenda kuketi kwenye mabenchi ya wananchi. Kifungu cha kiungio kiliposomwa, Bwana Pazia alikohoa, akasimama. "Kununua kiungio ni kukiri kwamba gari letu lina kasoro. Gari halina kasoro. Inunuliwe mipira mingine."

"Mipira yetu ni mizima kama yai," akajibu Bibi Komeo. "Linunuliwe gari jingine."

Dirishani wakapiga makofi, Mlangoni wakapiga meza. Kiungio hakikuwa cha Dirishani wala cha Mlangoni, kwa hiyo hakikupata mzazi. Pande zote mbili zilikikataa kwa kauli moja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana mwaka ule. Kisha Dirishani wakadai fedha za lango la heshima kwenye barabara kuu, Mlangoni wakalizuia. Mlangoni wakadai ukumbi wa kupokelea wageni, Dirishani wakauzuia. Bajeti ikabaki mezani kama maiti isiyo na ndugu.

Mama Sindano akasimama. "Waheshimiwa, naomba kuuliza. Huo moto ukija, utauliza kwanza nilimpigia nani kura?"

Karani akamwambia wananchi hawaulizi, wanasikiliza. Bwana Pazia akatabasamu kwa huruma. "Mama yangu, siasa ni pana."

"Nimeona," akasema Mama Sindano. "Ni pana kuliko mdomo wa gari."

Moto haukungoja kikao kingine. Mchana mmoja, jua likiwa utosini, waya uliochakaa ulitema cheche ndani ya duka la magodoro. Godoro likishika moto halina mjadala. Moshi mweusi ulipanda, na Mama Sindano alikuwa ndiyo kwanza anainua mguu kwenye cherehani. Alisikia king'ora cha gari, moyo ukamtulia kidogo, kwa sababu binadamu hata akijua ukweli huwa hakosi kutumaini.

Debe na vijana wake walifika na tangi lililofurika. Mpira walikuwa nao. Waliufunga kwenye mdomo wa gari kwa vipande vya tairi la ndani, wakaongeza magunia, na mwisho Debe akavua mkanda wa suruali yake akaukaza juu ya vyote. Wakafungua maji. Mpira ukaruka kama nyoka aliyekanyagwa mkia, ukachomoka, na shehena nzima ya maji ikamwagika barabarani. Wapo wanaoapa mpaka leo kwamba bata waliteremka kutoka mabanda ya jirani wakaogelea katikati ya barabara, wakati hatua chache kutoka hapo soko linateketea. Debe alibaki amesimama, mkono mmoja ameshika suruali, mwingine ameshika debe.

Mama Sindano aliitoa cherehani yake kwa kichwa. Aliporudi kufuata sare, mlango ulikuwa umekuwa moto. Alizitazama zikiwaka moja moja ukutani, mikono na kola, kama watoto waliopangwa mstarini.

Jioni yake waheshimiwa walikuja kutoa pole. Bwana Pazia alisimama kulia kwa majivu, akawaeleza watu kwamba soko limeuawa na mipira. Bibi Komeo alisimama kushoto, akaeleza kwamba limeuawa na gari. Majivu yalikuwa yangali na joto, yakipeperuka na kutua sawasawa kwenye viatu vya wote wawili. Mama Sindano aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaibeba cherehani yake kichwani, akaondoka bila kuaga.

Kikao kilichofuata kilipoanza, mlango wa baraza ulizibwa. Mama Sindano alikuwa ameiweka cherehani yake nyeusi kwa masizi palepale kizingitini, naye amekaa nyuma yake kama yuko kazini. Nje ya dirisha walijipanga seremala, muuza magodoro na nusu ya soko.

"Mama, hii ni nini?" akauliza Bibi Komeo.

"Ni cherehani, mheshimiwa. Ndiyo iliyobaki. Leo hapiti mtu mpaka bajeti ipite kwanza."

"Unataka tupendane na hawa?" Bwana Pazia akamwuliza, akielekeza kidevu upande wa pili.

"Nani kawaambia mpendane? Chukianeni mpaka kaburini, hiyo ni starehe yenu. Mimi muuza vitambaa wangu hata msibani simwamkii. Lakini kila wiki ananitajia bei yake, namtajia yangu. Anaapa nimemuua, naapa ameniibia. Yeye anashuka, mimi napanda, tunakutana pahala. Kila mtu anaondoka amenuna, na watoto wanavaa. Nyinyi na kusoma kwenu kote, mmeshindwa na hilo?"

Nje, seremala akajaribu nyundo yake kwenye fremu ya dirisha, taratibu, kama anayebisha hodi.

Bwana Pazia akakohoa, safari hii bila hotuba. Akasema huku akitazama dari, "Mkiuacha ukumbi, tutaliahirisha lango."

"Lote, au utalipitisha nusu kwa mlango wa uani?" akauliza Bibi Komeo.

"Lote. Mwaka huu."

"Na sisi ukumbi, mwaka huu. Lakini mipira yetu inabaki."

"Na gari letu linabaki."

"Basi na kipite hicho kishaba," akasema Bibi Komeo, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Na soko je?" ikauliza sauti ya mtu wa sokoni kutoka nje ya dirisha. Hapo wakavutana upya. Dirishani walitaka soko la matofali matupu, Mlangoni walitaka la bati tupu. Walitukanana kistaarabu mpaka wakachoka, wakaishia kwenye kuta za matofali na paa la bati. Kura ilipopigwa, "ndiyo" ilitoka pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mwenyekiti akazinduka, utando ukakatika, akaomba warudie, maana alidhani anaota.

Hakuna aliyetoka akicheka. Kila mheshimiwa aliivuka ile cherehani na uso wa mtu aliyelamba shubiri. Watu wa sokoni waliutambua uso huo mara moja: ndio uso wa bei ya haki.

Kiungio kikaletwa, Debe akakikaza mwenyewe, na soko likasimama tena. Haukupita muda, karakana mpya ya seremala ikashika moto, na safari hii maji yalipita pale yalipotakiwa kupita. Moto ulikufa kabla haujaonja mlango wa pili, ambao ulikuwa wa Mama Sindano. Watu wakashangilia. Bwana Pazia akawaambia waliokuwa karibu naye, "Mmeliona gari letu?" Bibi Komeo akawaambia wa kwake, "Mmeiona mipira yetu?"

Mama Sindano hakushangilia. Alimwomba kaka yake akifungue kile kiungio, akakipokea kiganjani, akakipima uzito. Kilimwenea mkononi kama kikombe cha chai.

"Ni hiki?"

"Ndicho, dada."

"Hiki tu?"

Shule zilikuwa zimeshafunguliwa, na wakati huohuo watoto wakapita barabarani na mikoba yao, mmoja kwa gauni la nyumbani, mwingine kwa shati la baba yake lililokunjwa mikono. Mama Sindano aliwasindikiza kwa macho mpaka wakapinda kona. Kisha akamrudishia kaka yake kile kipande cha shaba.

"Kirudishe palepale. Na mtu akija kukohoa hapa, usikifungue."

Gari peke yake lilikuwa pambo, mipira peke yake ilikuwa kamba, na kati ya pambo na kamba sare za watoto zikawa majivu. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.