Majani ya Paa la Sifaeli

Ajifanyaye majani asiulaumu mundu. Methali hiyo mmeisikia leo gulioni, na sasa mmeniganda niwaambie imetoka wapi. Haya, mikono iendelee kuchambua maharage, masikio mnipe mimi.

Ilizaliwa huku huku kwetu milimani Upare, kwa kijana mbunifu wa majengo aitwaye Sifaeli. Miaka sita alikuwa akichora vyoo vya shule kwa jina la bosi wake. Kisha Bi Rukia, mama mmoja wa mjini, akampa kazi ya kwake mwenyewe: nyumba ya mapumziko mlimani, ila mti usikatwe, chemchemi isiguswe, na mpita njia asijue kwamba pana nyumba. Akiikuta imeuharibu mlima, haipokei, na Sifaeli arudi kwenye vyoo vyake.

Sifaeli akaichomeka nyumba ubavuni mwa mlima, kuta za mawe ya hapo hapo, na juu ya paa akatandaza udongo akapanda majani. Paa likaungana na mteremko. Alipomaliza alishuka barabarani, akaitafuta nyumba yake asiione, akacheka peke yake kama mwehu. Kwa furaha hiyo hakukumbuka kuwauliza wenyeji neno lolote. Msomi huyo!

Na wenyeji wa huku mnawajua. Ng'ombe hukaa zizini akaletewa chakula, na majani ya mteremko usio na uzio ni ya aliyewahi na mundu. Kiangazi kile mlima wote ulikauka, isipokuwa paa la Sifaeli, alilokuwa akilimwagilia kila jioni.

Siku ya kukabidhi nyumba, Bi Rukia alishuka garini, akaangaza huku na huku.

"Nyumba iko wapi?"

"Hiyo ndiyo sifa yake, Bi Rukia! Tazama pale penye kijani..."

Pale palipokuwa na kijani jana, sasa palikuwa na kipara cha udongo mwekundu, na juu ya kipara alisimama Mama Nakijwa, jirani, akifunga mzigo wa tatu.

"Mama! Umekata paa la nyumba!"

Nakijwa akatazama juu, kisha chini ya miguu yake.

"Paa? Mwanangu, miaka yangu sabini sijaona paa linaloota mbigili. Mimi nimekata majani."

"Hapo uliposimama chini yake ni chumba cha kulala!"

"Kingekuwa na bati ningejua. Wewe umejifananisha na majani, mundu wangu ungekutambuaje? Ajifanyaye majani asiulaumu mundu."

Machozi yakamlenga Sifaeli. Aliviona vile vyoo vikimjia, kimoja baada ya kingine. Akamgeukia Bi Rukia kuomba radhi, akamkuta ameketi juu ya jiwe, anacheka huku ameshika mbavu.

"Niliomba nyumba ambayo mpita njia hataiona," alisema Bi Rukia. "Huyu amesimama juu yake asubuhi nzima na hajaiona. Lete ufunguo! Kisha umbebee mama mzigo wake."

Sifaeli akaubeba, mbigili zikimchoma shingo, mpaka zizini. Akasimama hapo akimtazama ng'ombe anavyotafuna paa lake bila haraka.

"Bado una hasira?" Nakijwa akamwuliza.

"Hapana, mama," alijibu, akijipangusa shingo. "Kutoonekana nilikutaka mwenyewe. Ajifanyaye majani asiulaumu mundu."