Zamu ya Maji ya Kajiru

Sogeeni, wajukuu zangu. Na wewe unayemfinya mwenzako, nimekuona. Mmeketi?

"Tumeketi, Bibi!"

Basi kisa kinatoka kale, kale ile ambayo mtu akipiga chafya ng'ambo ya bonde, huku tulimwitikia "Afya!"

Kale hiyo milimani kwetu hapakuwa na bomba. Maji yalikusanywa bwawani, bwawa la mawe na udongo tuliloliita ndiva. Asubuhi yalifunguliwa, yakateremka mferejini hadi mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Mfunguaji alipiga pembe watu wajue, na kila mfunguaji alikuwa na mkia wake wa kumalizia mlio. Mkia wa Kajiru, mwana wa pekee wa Nakijwa, ulikuwa kama kuku anayeita vifaranga: Puuuu! Puuuu! Pu-pu-pu!

Nakijwa akiusikia, hata mikono imejaa unga, alitoka mbio na jembe. Kajiru akamcheka kutoka juu.

"Mama, polepole! Maji hayana miguu!"

"Hayana miguu, mbona hunitangulia?"

Ah, siku zile zilikuwa tamu, wanangu.

Ikaja vita ya wakubwa wa mbali, wakachukuliwa watoto wetu. Kajiru alikuwa na ndevu tatu tu kidevuni. Tatu, mama yake alizijua moja moja. Akavishwa kaptula ambayo ninyi wawili mngeenea humo.

"Mama," akasema, "zamu yangu usimwachie mtu. Nitairudia."

Nakijwa akaitunza. Kila siku ya nne, siku ya zamu hiyo, alipeleka maji kwenye kishamba cha Kajiru, magimbi yakanenepa. Msimu ukaja, msimu ukaenda. Msimu ukaja, msimu ukaenda. Hata siku moja jumbe akapanda mlima na karatasi, akaisoma amesimama: Kajiru amekufa vitani, amezikwa huko huko.

Sasa ijueni desturi. Mtu akifia mbali, nyumbani huzikwa shina la mgomba badala yake. Ndipo watu hulia, hunyoa, na zamu ya marehemu ya maji hugawiwa wengine. Basi Mzee Sekiete, msimamizi wa ndiva, akaja na vijana wamebeba shina.

"Dada yangu Nakijwa, tumzike mtoto."

"Mtoto yupi? Mimi sikuzaa mgomba."

Shina likaozea uani. Na Nakijwa, kila siku ya nne, akaendelea kumwagilia magimbi ya Kajiru.

Mwaka ule mvua ikagoma. Namsemba, jirani mwenye ulimi wa upupu, akasimama mferejini na kusema kwa sauti, "Wenzetu wananywesha kivuli, watoto wetu wanatafuna vumbi!"

"Namsemba, wako wamelala kwako. Wangu kalala wapi? Nioneshe, nami nitaachia maji."

Nani angemwonesha?

Halafu asubuhi moja, Nakijwa yuko kwenye jiwe anasaga, akasikia. Puuuu! Puuuu! Pu-pu-pu!

Wanangu! Hata jembe hakulikumbuka. Alipanda mlima ule kama msichana, kanga inamfuata nyuma, anaita, "Kajiru! Maji hayana miguu, mimi ninayo! Ningoje!"

Akafika. Hakuwa Kajiru. Alikuwa kijana mrefu anayechechemea, koti la jeshi limemchakaa mwilini, pembe mkononi. Mzee Sekiete kando yake anafuta macho.

"Shikamoo, Mama. Mimi Lupogo, nimetoka kusini. Nilikuwa na Kajiru katika shimo moja. Kila asubuhi alikunja viganja mdomoni akapiga hivi, kisha akatugawia maji ya chupa yake, kifuniko kimoja kimoja, kwa zamu. Akaniambia, 'Mimi nisipofika, ufike wewe. Usiulize nyumba. Omba pembe, upige hivi. Atakayekuja mbio na unga mikononi, huyo ndiye mama.'"

Nakijwa akaitazama mikono yake. Myeupe hadi viwikoni. Akaketi pale pale kwenye tope.

"Nani alimfukia?"

"Mimi, Mama. Kwa mikono hii."

Akaishika ile mikono ya mgeni, akaigeuza, akaitazama mbele na nyuma. Alipoiachia, ilikuwa na unga.

"Mzee Sekiete," akasema, "kata shina jingine. Lile limeoza."

Wakamzika Kajiru siku ile, wakalia kilio chote kilichokuwa kimefungwa. Hakuna aliyethubutu kuuliza habari ya zamu. Nakijwa akasema mwenyewe:

"Ikiwa yeye aligawa kifuniko, mimi nitafunga mfereji? Zamu hii iwe ya asiyetoshewa. Aanze Namsemba, koo limemkauka kwa kunisema."

Watu wakacheka na machozi yangali mashavuni, Namsemba akiwa wa kwanza.

Mlimani kwetu maji ya siku ya nne yakaitwa ya Kajiru. Na mfunguaji, awe nani, siku hiyo hupiga mkia ule: pu-pu-pu!

Wajukuu zangu, aliyekwenda hatunzwi kwa kuzuia chake. Kiachieni kiteremke, naye atafika kila shamba.

Kisa hiki bibi yangu alinitilia viganjani, nami sikumwaga tone. Haya, kingeni. Mmekinga?

"Tumekinga, Bibi!"

Basi ni chenu. Angalieni msikimwage njiani.