Jina la Mjukuu Wangu

"Nina kitu mkononi!"
"Tugawie!"
"Ni kidogo!"
"Kitatutosha!"

Haya, sogeeni. Mtoto huyu mnayemwona mapajani pangu ni mjukuu wangu, na hana jina. Kesho anatolewa nje, lakini mpaka sasa tunamwita Wewe. Wewe nyonya, Wewe lala. Kwetu Mbweme, uzazi ukiwa na msukosuko, mtoto hupewa jina la mtu aliyemponya mama yake. Ni jina moja tu, na halichagui suruali wala gauni. Mwenye jina hilo anakuwa ndugu wa nyumba, anaingia jikoni bila kupiga hodi. Sasa waliomponya binti yangu Namkunda ni watatu, nami nimekosa usingizi.

Wa kwanza ni Mbonea, fundi redio wa hapa kijijini. Huyu amezaliwa na mikono isiyotulia. Simu za mkononi hazishiki huku milimani kwetu, na redio koli tulizopewa zilikuwa zinaishia kwenye mlima, sauti haivuki. Mbonea akaokoteza waya, vyuma chakavu na paneli ya jua iliyopasuka, akaunda chombo kinachodaka sauti upande huu na kuirusha upande wa pili. Kikagoma, akakifungua. Kikaungua, akakiunda upya. Kilipokubali, watu wakakiita Mdaku, kwa sababu kikisikia neno Mbweme hakitulii mpaka kimelifikisha Kwanyuki, kijiji cha ng'ambo chenye zahanati.

Wa pili ni Nakijwa, katibu wa wakulima wa tangawizi. Kipaji chake ni kuwakubalisha watu, na kwa watu kama sisi kazi hiyo ni nzito kuliko kubeba mawe. Kila kijiji kilikuwa na chaneli yake na plagi yake ya betri. Tena tulikuwa na ugonjwa wa salamu. Humwelezi mtu shida yako kabla hujamuuliza ameamkaje, watoto je, ng'ombe je, mbuzi je. Mwaka juzi jiko la jirani yangu lilishika moto, akaita msaada kwa redio. Salamu zilipofika kwenye mbuzi, paa lilikuwa limeshaanguka.

Nakijwa akazunguka misibani na harusini na ombi lilelile: chaneli moja, plagi moja, na kwenye redio shida kwanza, salamu baadaye. Wazee wakamwambia hana adabu.

"Sawa, baba zangu," akawajibu. "Nigombezeni leo. Siku ya moto mtaniambia kama adabu inazima."

Mwisho wake wakakubali, wakinung'unika.

Wa tatu ni Mzee Senzota, mhunzi wa Kwanyuki. Yeye alikuwa ameshafua plagi yake mwenyewe, inayojifunga kwa kikufuli kidogo cha shaba. Nimeishika kwa mkono wangu. Hailegei, haishiki kutu, ni nzuri kuliko hiyo ya makubaliano, na Nakijwa mwenyewe alikiri. Kwanyuki nzima waliitumia na kujivunia. Mzee akasema hamfuati mtu. Lakini siku moja alitoka na koleo lake, akapita nyumba kwa nyumba, akazikata plagi zake zote na kufunga zile za kawaida. Mkewe alimwuliza anaumwa au vipi.

"Siumwi," akasema. "Yangu ni nzuri, lakini betri zetu hazimfai jirani yeyote. Uzuri huo wa nini?"

Basi, mvua za masika zikaja, barabara ikakatika, jua la kuchajishia betri za redio likapotea siku nyingi. Ndipo Namkunda akajifungua. Wewe alitoka akipiga kelele, mzima kabisa, lakini mama yake akaanza kuvuja damu, na damu haikukoma. Nikakimbilia redio. Mimi niliyelelewa kwa salamu nikapayuka: "Mbweme! Mzazi anatokwa na damu!" Muuguzi wa Kwanyuki akaitika papo hapo, akasema, "Mama, sikiliza..." na redio ikazima. Betri imekufa. Nilihisi kama mwanangu ndiye amezimika.

Barazani kwangu palikuwa na mchuuzi wa Kwanyuki anayejikinga mvua. Alikuwa anatoka mnadani kuchajisha betri ya kwao. Tukaichomeka. Ikaingia! Muuguzi akaendelea: "Msugue tumbo chini ya kitovu, usiache. Mtoto mpe ziwa." Nikasugua, nikalia, nikasugua. Damu ikapungua. Muuguzi alipofika kwa miguu na dawa zake, matope mpaka kiunoni, Namkunda alikuwa anaomba uji.

Najua mtauliza, mbona jina asipewe muuguzi? Amekataa. Anasema mlima huu umejaa watoto wenye jina lake, akiita mmoja wanageuka kumi. Na mchuuzi naye anasema yeye alikuwa anakwepa mvua tu.

Juzi wale watatu walikuja kumwona mtoto. Nikapika, nikawashukuru mpaka sauti ikakauka.

"Mpeni jina la Nakijwa," Mbonea akasema. "Bila makubaliano, Mdaku wangu angekuwa anapiga kelele mlimani peke yake."

"Mimi sijaunganisha hata waya mmoja," Nakijwa akasema. "Na bila huyu mzee, betri ya Kwanyuki ingekuwa pambo tu hapa."

Mzee Senzota akacheka. "Mimi nilichofanya ni kuacha. Mtu anapewa jina kwa kuacha? Mpeni aliyeunda."

Namkunda, amejilaza palepale, akamwangalia kila mmoja, machozi yakimtoka. "Mama," akaniambia, "mimi siwezi kuchagua. Nikimtazama yeyote kati yao najiona ninapumua. Chagua wewe."

Nami nimeshindwa. Yuko aliyebuni kisichokuwepo. Yuko aliyetufanya tuwe na neno moja. Yuko aliyekiacha kizuri chake ili betri yao iingie kwetu. Mtoeni mmoja wao, na leo mapajani pangu pangekuwa na yatima.

Haya, ameamka, ananitazama. Kesho asubuhi nitamtoa nje, nimnong'oneze jina sikioni, nalo halibadilishwi tena. Nyinyi mliosikia yote, je, mngemwita nani?