Mama Aliyeficha Majibu ya Damu

Wapendwa, huko Tukuyu alikuwako mjane mmoja, fundi cherehani, jina lake Atuganile. Kaka yake alianguka akichuma chai, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Mshipa wa damu ulikuwa umevimba kichwani, ukapasuka.

Mwaka uliofuata watafiti wa hospitali ya rufaa wakawaita ndugu wa marehemu. Walikuwa wakijaribu kipimo kipya, kutafuta ndani ya damu dalili za mshipa unaovimba kabla haujapasuka. Atuganile akatoa damu. Dalili zikaonekana, na picha ya kichwa ikathibitisha. Wake ulikuwa uvimbe mdogo, wa kufuatiliwa kwa dawa za presha. Lakini daktari alimwambia, "Mama, ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Walete wanao nao wapimwe."

Akaitikia. Njiani akawaza. Binti yake Tusekile, mwalimu, alikuwa na mimba ya kwanza, miezi mitano. Amtie hofu mtoto aliye katika furaha? Majibu akayafungia sandukuni. Wanawe walipouliza, akasema ni presha tu.

Baada ya wiki chache Tusekile akalalamika kichwa kinamuuma sana. Mama akataka kusema, akashindwa. Akamwambia apumzike, mimba ndivyo zilivyo. Jumatano, akisahihisha madaftari, Tusekile akaanguka. Tulimzika na mimba yake.

Matanga yalipokwisha, mwanawe wa kiume, Ambokile, akayakuta yale majibu. Akayasoma mara mbili.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua. Sikutaka aogope."

"Bora angeogopa, mama."

Kesho yake wakaenda wote wawili hospitali, Ambokile akapimwe.

Ndugu zangu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu kilimuumbua angali hai. Msimhukumu, alificha kwa upendo, na kaburi halikumuuliza sababu.

Na sisi je? Ni baba gani hapa ajuaye kinachotembea katika damu yake, na nyumbani anasema ni uchovu tu? Twasema tunawalinda watoto. Kweli? Au tunajilinda wenyewe, tusiyaone machozi yao? Damu tuliwapa bila kuwauliza. Kwa nini tuwanyime habari zake?

Ukitoka hapa leo, kabla hujala, mwite mwanao, mketi, umwambie.